Gunia la Omena, Feri ya Mbita na Baiti Nne Zilizopotea

Najua, najua... siku nyingi sijaandika hapa. Kazi zilinibana, na kusema kweli uvivu nao ulichangia. Leo nimerudi kulipa deni la zamani. Mara kadhaa nimeulizwa swali hili: kampuni ndogo ya mtandao inawezaje kupitisha data za wateja wake ndani ya mtandao wa kampuni kubwa zaidi, bila data hizo kuchanganyikana na za watu wengine, na bila ile kampuni kubwa hata kuwajua wateja wenyewe? Swali zuri. Nimekuwa nikilikwepa kwa sababu jibu lake limefungamana na kisa ambacho sijivunii. Nilimlaumu mtu asiye na kosa, tena mtu mzima kuliko mimi. Haya, wacha nieleze yote mawili kwa pamoja.

Kwa msiopajua, Mfangano ni kisiwa katika Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay, magharibi mwa Rusinga. Rusinga unaweza kufika kwa gari kutoka Mbita. Mfangano ni boti tu. Wenyeji ni Abasuba, ingawa wengi wao siku hizi huzungumza Kijaluo, na Olusuba utaisikia zaidi kwa wazee. Watalii huenda kutazama michoro ya kale ya miambani kule Kwitutu na Mawanga. Mimi sikwenda kwa michoro. Nilikwenda kwa sababu programu niliyoiandika ilikuwa imegoma.

Ilikuwa mwaka 2018. Nilikuwa nimekiandikia kituo kimoja cha afya kisiwani programu ya kumbukumbu za wagonjwa. Sampuli za damu huvuka ziwa kwa boti kwenda maabara bara, na majibu yanarudi kwa mtandao kutoka kwenye seva iliyoko Nairobi. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wanatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na jibu lililosubiriwa zaidi ni la wingi wa virusi kwenye damu. Jibu hilo ndilo humwambia daktari kama dawa inafanya kazi au ibadilishwe.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha programu ikaanza vituko. Siku mbili inafanya kazi, siku tatu haifanyi. Ukiingia unaingia vizuri. Orodha ya wagonjwa inakuja. Ukifungua jibu la maabara... kimya. Duara linazunguka mpaka unachoka.

Nikiwa Nairobi niliangalia kumbukumbu za seva. Zilionyesha kwamba kompyuta ya kisiwani imeunganishwa, nywila imekubaliwa, jibu limeanza kutumwa, basi. Hakuna kosa lolote lililoandikwa. Nikatazama tarehe. Siku nyingi zilizokuwa mbaya ni siku ambazo kwenye zamu alikuwa mama mmoja, karani wa kumbukumbu. Siku ambazo yupo yule kijana mwenzake, mambo yalipita. Nikampigia simu. Nikamwambia, kwa heshima lakini kwa uhakika wa kijinga, kwamba anafunga kompyuta kabla kazi haijaisha.

"Mwanangu," akanijibu, "mimi huifunga nikienda kulala, na huilaza ikiwa wazi."

Sikumwamini. Na yeye, badala ya kubishana nami, akafanya alichoona kinafaa. Kila Ijumaa akawa anapanda boti Sena kwenda Mbita na flashi mkobani, anapakua majibu huko, kisha anarudi. Ni safari ya saa moja na zaidi hata kwa injini nzuri, na wanaolijua ziwa lile wanajua upepo wake hauombi ruhusa.

Kisha zikaja siku tisa mfululizo bila jibu hata moja kupita. Sista msimamizi wa kituo akanipigia mwenyewe. Hakupiga kelele. Aliniambia kuna mama mjamzito ambaye jibu lake, kwa mujibu wa maabara, limeshatoka, liko kwenye seva yangu, na kwamba kwa mjamzito mwenye virusi vingi kila wiki ina uzito wake. Mtoto ndiye anayehesabiwa hizo wiki. Nilimsomea jibu kwa simu palepale, na kesho yake alfajiri nikaondoka kwenda Mbita.

Sasa tuache kisa kidogo, twende kwenye mtandao wenyewe. Nitatumia gunia la omena, maana nililielewa jambo hili vizuri nikiwa nimekaa juu ya mojawapo ndani ya boti.

Tuseme mama wa Sena anampelekea omena wakala wake Gikomba. Anaandika alama kwa wino juu ya gunia. Alama hiyo ina maana kwa watu wawili tu: yeye na wakala. Gunia likifika Mbita linapakiwa kwenye lori. Lori linaingia kwenye feri kuvuka hadi Luanda Kotieno. Je, mkata tiketi wa feri anahesabu magunia? Anauliza omena ni za nani? Hapana. Anampa dereva tiketi moja ya lori zima. Kwake hayo yote ni lori moja linaloshuka ng'ambo. Feri imebeba lori, lori limebeba gunia, na kila mmoja anasoma alama yake tu.

Mtandao wa leo hufanya hivyo hivyo, kwa teknolojia iitwayo MPLS. Zamani kila rauta njiani ilipaswa kufungua pakiti, kusoma anwani ya IP na kupekua jedwali refu ili kujua iipeleke wapi. Katikati ya miaka ya 1990 wahandisi walianza kujaribu njia nyingine: pakiti ikiingia kwenye mtandao ibandikwe namba fupi, yaani lebo, na rauta za katikati zisome lebo tu. Kampuni kadhaa zilikuja na mbinu zao, Ipsilon na Cisco zikiwemo, na mwezi Januari 2001 kanuni ya pamoja ikachapishwa kama RFC 3031.

Lebo yenyewe ni kitu kidogo sana: biti 32, yaani baiti 4. Biti 20 ni namba ya lebo. Biti 3 hueleza daraja la huduma. Biti 1 husema kama hii ndiyo lebo ya chini kabisa. Biti 8 zilizobaki huhesabu hatua, ili pakiti iliyopotea isizunguke milele. Muhimu zaidi ni ile biti moja, kwa sababu inaonyesha kwamba lebo zinaweza kupangwa moja juu ya nyingine kama sufuria. Rauta husoma ya juu tu. Inaweza kuibadilisha, kuiondoa, au kuongeza nyingine juu yake.

Hapo ndipo VPN inapoingia. Eric Rosen na Yakov Rekhter waliandika mwaka 1999, na kanuni ikaboreshwa mwaka 2006 kama RFC 4364, namna ya kutumia lebo mbili. Ya chini husema pakiti hii ni ya mteja gani. Ya juu husema ifike kwenye rauta ipi ya pembeni. Hivyo kituo cha afya na duka la vifaa vya uvuvi vinaweza kutumia anwani zile zile, tuseme zote zinaanza na 192.168.1, na zisigongane. Kila njia ya mteja hutanguliziwa namba ya baiti 8 ya kuitofautisha, na kila mteja ana jedwali lake peke yake.

Angalizo moja kabla hatujaendelea: VPN ya namna hii hutenganisha, haifichi. Ni kama magunia yaliyowekwa vyumba mbalimbali bila kufuli. Data za wagonjwa tulizisimba sisi wenyewe tangu mwanzo, na wewe ukiwa na data nyeti fanya hivyo.

Sasa, kampuni tuliyoitumia (nitaiita Kampuni Ndogo) ilikuwa na vifaa vyake upande wa ziwa na vingine Nairobi. Katikati haikuwa na kitu. Hilo ni jambo la kawaida kabisa nchini kwetu. Hadi mwaka 2009, kebo za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, karibu mawasiliano yetu yote na dunia yalipitia satelaiti. Baada ya hapo faiba ikatandazwa kuelekea bara, lakini kuchimba mtaro wa mamia ya kilomita si kazi ya kila mtu. Wenye mtaro wanawakodisha wasio na mtaro. Kampuni Ndogo ilikodi njia kwa Kampuni Kubwa.

RFC 4364 ina sehemu nzima juu ya jambo hili: mbebaji anayembeba mbebaji. Ndiyo feri yetu. Tufuate pakiti moja, na namba za lebo nimezitunga ili tuelewane.

Pakiti inatoka kisiwani, inaruka ziwa kwa redio hadi rauta ya Kampuni Ndogo, Mbita. Rauta hiyo imeshaambiwa na mwenzake wa Nairobi: "Pakiti za kituo cha afya nipe zikiwa na lebo 305." Inabandika 305. Huo ni wino wa gunia. Lakini ili imfikie huyo mwenzake lazima ivuke mtandao wa Kampuni Kubwa, ambayo nayo imesema: "Ukitaka kufika kwenye rauta yako ya Nairobi, nipe lebo 812." Basi inabandika 812 juu ya 305 na kuikabidhi.

Rauta ya pembeni ya Kampuni Kubwa inaona 812. Inajua huyu ni mteja wangu fulani, anataka kutokea Nairobi. Inabadilisha 812 kuwa 77, namba ambayo rauta ya Nairobi ya Kampuni Kubwa imempangia mteja huyo. Hiyo ni tiketi ya lori. Kisha inaongeza juu yake lebo 1900, ya kuvukia mtandao wenyewe hadi Nairobi. Hiyo ndiyo safari ya feri. Kwa hiyo katikati ya nchi pakiti yetu ina lebo tatu: 1900, chini yake 77, chini kabisa 305.

Rauta za katikati hucheza na ile ya juu tu, na rauta ya mwisho kabla ya Nairobi huiondoa kabisa. Nairobi inaona 77, inajua ni ya Kampuni Ndogo, inaiondoa na kuikabidhi. Rauta ya Kampuni Ndogo inaona 305, inasema ahaa, kituo cha afya, inaondoa lebo na kuipeleka kwenye seva. Njia nzima Kampuni Kubwa haikujua kwamba kuna kituo cha afya duniani. Inachohitaji kujua ni anwani chache za rauta za Kampuni Ndogo. Wateja wawe kumi au elfu kumi, jedwali la Kampuni Kubwa haliongezeki. Uzuri wa mpango huu ni huo!

Na ubaya wake? Ubaya ni kwamba kila lebo ina uzito. Baiti 4 tu, lakini ni 4.

Turudi Sena. Nilifika mchana, nikasalimia, nikafungua kompyuta na kuanza kupima. Nilituma pakiti ndogo kwenda Nairobi: ikarudi. Nikatuma mia, zikarudi zote. Nahodha aliyenileta alikuwa amesimama mlangoni akingoja kujua kama tunarudi siku hiyo. "Omera," akasema, "mbona inaonekana nzima?" Nami nilikuwa najiuliza hilo hilo. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya wiki tatu nyuma. Nikatuma pakiti kubwa kabisa, baiti 1500, nikizuia isikatwe vipande njiani. Kimya. Nikapunguza. 1499, kimya. 1498, kimya. 1497, kimya. 1496... ikarudi!

Nikarudia mara nyingi, nikaita na yule karani aje aone. 1496 inapita, 1497 haipiti. Tofauti kati ya 1500 na 1496 ni baiti nne. Lebo moja kamili.

Hapo nilikaa kimya kidogo. Pakiti ya 1500 ikiwa na lebo tatu inakuwa 1512. Ya 1496 inakuwa 1508. Mahali fulani katikati ya nchi kulikuwa na mlango unaopitisha 1508 na si zaidi. Wateja wa kawaida wa Kampuni Kubwa hubeba lebo mbili, kwa hiyo pakiti zao kubwa kabisa ni 1508. Walikuwa wanapita wakigusa dari kwa utosi. Sisi tuliokuja ndani ya lori lililo ndani ya feri tulikuwa na lebo moja zaidi, na sisi peke yetu tuligonga.

Niliandika barua pepe yenye namba hizo tu, bila lawama. Kesho yake mhandisi mmoja akanipigia, na tukaelewana kwa dakika tano. Faiba ilikuwa inakatwakatwa na ujenzi wa barabara. Kila ikikatika, data zilihamishiwa njia ya akiba, ya redio, ambayo kipimo chake kilikuwa kimeachwa 1508. Faiba ikirekebishwa sisi tunapona. Ikikatika tunaugua. Na mara ya mwisho ilikuwa imekatika siku tisa. Redio ile haikuwa rauta, kwa hiyo haikurudisha ujumbe kusema pakiti ni kubwa. Ilizitupa kimyakimya. Ndiyo maana seva yangu haikuandika kosa lolote.

Zamu za yule mama? Bahati mbaya tu ya kalenda. Nilikuwa na siku chache mkononi, nikaona ninachotaka kuona.

Marekebisho yalikuwa mepesi. Siku ile ile niliiambia rauta ya kituo ilazimishe mazungumzo ya TCP yatumie vipande vya baiti 1400 badala ya 1460, na majibu yote yaliyokwama yakashuka kwa mfululizo, moja baada ya jingine, karani akiyachapisha. Wiki hiyo hiyo njia ya redio ikapanuliwa kipimo. Mambo yakaisha.

Lakini kuna sehemu ambayo si ya kampuni yoyote. Ni yangu. Jibu la wingi wa virusi ni namba moja. Namba moja na tarehe! Mimi nilikuwa nimeifunga ndani ya picha ya karatasi ya maabara yenye kilobaiti mia mbili, kwa sababu ilipendeza kwenye skrini. Kama ningetuma namba kwanza kwa ujumbe mfupi na picha ifuate baadaye, mtandao ungeweza kuugua mwezi mzima na yule mama mjamzito angepata jibu lake siku ile ile. Pakiti ndogo hazikukwama hata siku moja. Nilibadilisha programu usiku ule, nikiwa kisiwani, kwa mwanga wa taa ya sola. Tangu siku hiyo kila ninachoandika hutanguliza kile ambacho mtu atakifa bila nacho, halafu mapambo.

Nilimwomba yule karani msamaha mbele ya Sista, kwa sababu lawama niliitoa kwa simu na yeye aliibeba mbele ya wenzake. Alicheka. Akasema, "Mimi nilijua si mimi. Wewe ndiye ulikuwa hujui si wewe." Sijui kama kuna namna bora ya kusema. Kisha akaniuliza kama Ijumaa bado kuna haja ya kwenda Mbita. Nikamwambia hapana. Akasema ataenda tu, maana ameshazoea kununua unga huko kwa bei nzuri!

Siku hizi mambo yamesonga mbele. Kuna mbinu mpya ya kupanga njia za lebo, na kanuni yake ya MPLS, RFC 8660, ilitoka mwaka 2019, lakini lebo ni zile zile za biti 32. Starlink nayo ilianza kutoa huduma Kenya mwaka 2023, hivyo kisiwa si lazima kipitie faiba ya mtu. Hata hivyo, popote ambapo mbebaji anabebwa na mbebaji, uzito utaongezeka, na mlango mmoja uliosahaulika utawapitisha wengi na kumzuia mmoja.

Basi wewe unayetunza mtandao au unayeandika programu: siku mtumiaji akikuambia "ndogo zinapita, kubwa zinakwama", usimwulize kama alifunga kompyuta. Tuma pakiti ya 1500, punguza moja moja, na uhesabu kwa nne. Na kabla ya hayo yote, mwamini.

Haya, tuonane siku nyingine panapo majaliwa. Boti ya mwisho inaondoka.